Maji ya Siku Saba

Kituo cha hali ya hewa, mlimani
3 Machi 1996

Baba,

Shikamoo. Najua utatazama mwandiko kwenye bahasha na kusema, leo jua limechomoza upande gani. Miaka minne sijakuandikia, na salamu zako mbili nilizoletewa na Shangazi sikuzijibu. Sina la kujitetea.

Dereva wa lori la kituo atakukabidhi kopo la maziwa lenye kokoto na mmea mdogo. Usiucheke. Ni mkubwa kama kikombe cha chai, majani yake manene yamejipanga duara, na vidogo vyake vimeuzunguka kama vifaranga. Huku juu unaota kwenye ufa wa jiwe, mahali ambapo hata mimi sijui unakula nini. Barafu inaufunika, jua linauchoma. Kazi yangu ni kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi saa tatu, na mwaka jana niliandika sifuri siku themanini na sita mfululizo. Mmea haukujali. Ulifumba majani ukasubiri. Nimeupa jina uliloniita utotoni nilipokataa kushuka kwenye jukwaa lako la ujenzi: Kichwa-ngumu.

Shangazi anasema bustani ya Mama chini ya dirisha la jiko imebaki mchanga mtupu. Uupande hapo.

Mimi na wewe hatujui kuombana radhi. Nilichokuambia siku ya mazishi nilikisema mbele ya watu, nawe ukanijibu, tukaachana hivyo. Sitaki tukirudie kwenye karatasi. Nina ombi moja tu. Mmea huu hutoa ua baada ya mwaka mmoja au miwili. Siku hiyo niandikie neno moja: umechanua. Nitajua unataka nirudi nyumbani, nami nitakuja. Usipoandika, nitajua pia.

Binti yako


Nyumbani
29 Machi 1996

Binti yangu,

Marahaba. Kopo limefika. Dereva wenu anaongea kama redio, nimejua habari za kituo kizima kabla hajashusha mguu.

Mgeni nimempokea kifundi. Nimejenga sanduku la mawe chini ya dirisha la jiko, futi tatu kwa mbili, mawe nimeyachonga mwenyewe, na pembe zote nimezipima kwa pimamaji. Kuna watu wenye magari ambao nyumba zao hazikunyooka hivyo. Chini nimemwaga zege inchi mbili ili mgeni asizame. Ndani nimejaza udongo mweusi na samadi debe zima, maana huko kwenye ufa wa jiwe ulikuwa unateseka. Kokoto zako nimezitupa.

Namwagilia asubuhi na jioni. Unajua mwenyewe saruji changa hunyweshwa siku saba, ukiinyima maji inapasuka. Nikaona na mgeni tumfanyie hivyo hivyo, na kwa kuwa katoka safari ndefu nimemwongezea siku saba nyingine. Jirani yetu Mama Cherehani anachungulia juu ya ukuta na kuniuliza kama nalea mtoto.

Neno lako nimelielewa. Nautazama kila nikiamka.

Baba yako


Kituoni
2 Mei 1996

Baba,

Barabara ilikatika wiki tatu, barua yako imenifikia leo, na nimeisoma nimesimama. Acha maji! Leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Huo si ukuta. Toboa hiyo zege ili maji yapate pa kutokea, toa samadi yote, rudisha kokoto na mchanga. Halafu usahau kama una mmea. Kikombe kimoja cha maji kwa mwezi, na mwezi wa mvua usiguse kabisa. Kinachouua ni kushiba.

Kosa ni langu, nilipaswa kukuandikia yote hayo mwanzo. Nilisahau kwamba wewe ukipenda kitu unakimwagia maji.

Nijibu upesi mmea uko hali gani.

Binti yako


Nyumbani
20 Mei 1996

Dada yangu,

Nakuandikia jambo ambalo ukilitoa mdomoni mimi na wewe basi. Nakuapisha kwa jina la mama yetu.

Ule mmea umekufa. Siku barua ya kunikataza ilipofika ulikuwa umeshalainika, na nilipougusa ukabaki mkononi kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Nilisimama pale chini ya dirisha na barua mkono mmoja na uchafu ule mkono wa pili. Nikachukua koleo, nikauchota wote pamoja na udongo, vidogo na vikubwa, nikautupa nyuma ya jiko kwenye kifusi cha matofali. Sanduku limebaki tupu na limenyooka.

Jana nimemjibu mtoto kwamba nimefanya kama alivyosema na mmea unaendelea vizuri. Najua utanifokea. Lakini wewe ulikuwepo siku ya mazishi. Mke wangu aliugua Jumatatu, nikasema nimalize ukuta wa ghala Ijumaa, Jumamosi nimpeleke hospitali kubwa. Ijumaa jioni narudi na mwiko mkononi namkuta ameshakata roho. Na mtoto akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Umemuua Mama kwa ukuta wako." Nami badala ya kulia nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Sasa niandike nini? Nimeua tena? Mkono umekataa.

Mdogo wako


1 Juni 1996

Mdogo wangu,

Mtu mzima na mvi zako unaogopa majani. Ningekuwa karibu ningekupiga kofi, halafu ningekupikia chai.

Hebu fikiri, wewe unayejisifu kwa kupima. Mtoto amesema atakuja mmea ukichanua. Ukimwandikia umechanua, atakuja na kukuta sanduku tupu. Ukimwandikia bado, hatakuja. Umejifungia mlango na ufunguo umeumeza. Mwambie kweli leo, wakati uongo bado ni mchanga. Wewe ndiye unayejua saruji ikikauka inavunjwa kwa kitu gani.

Kiapo chako nitakitunza, kwa sababu umemtaja mama. Lakini ujue umenionea.

Na macho? Uliniambia ukitazama taa unaona duara la rangi, na kwamba pembeni kumeanza giza. Usiniambie tena ni vumbi la chokaa. Nenda kwa daktari wa macho.

Dada yako


Kituoni
14 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Huku mawe yote yamechanua. Bua moja linatoka katikati ya kichwa cha majani, urefu wa shibiri, na juu yake vinatoka vinyota vya rangi ya waridi. Mpishi wetu, ambaye hajawahi kusifu kitu kisicholiwa, ametoka nje kutazama.

Nimepewa likizo ya siku ishirini na moja. Lazima nijaze fomu kabla ya mwisho wa Machi. Nimeshaulizia basi, ni safari ya saa kumi na moja tu. Sikuulizi kwa kukusukuma. Naulizia hali ya mmea.

Binti yako


Nyumbani
9 Machi 1997

Binti yangu,

Marahaba. Bado. Lakini una majani mazuri, manene, na vidogo vimeongezeka. Nadhani huku chini joto linauchelewesha.

Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka, ni hii karatasi isiyo na mistari.

Likizo usiipoteze. Nenda popote utakapofurahi.

Baba yako


Nyumbani
2 Aprili 1997

Dada,

Unaniuliza kama nimemwambia. Sikumwambia. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Nilitaka kuandika, njoo hata kama haujachanua. Nikaona atauliza kwa nini, na yote yatafumuka. Nikaandika asipoteze likizo yake. Barua ilipokwisha ondoka ndipo nilipoona kwamba nimemwambia mwanangu aende kwingine.

Macho nitayashughulikia. Nina kazi ya uzio wa mtu, nikimaliza nitaenda.

Mdogo wako


Kituoni
30 Januari 1998

Baba,

Huu ni mwaka wa pili. Mmea wenye majani manene na vidogo vinavyoongezeka, kama ulivyoniandikia, hauwezi kupita mwaka wa pili bila hata bua moja. Hii ndiyo kazi ninayoiona kila siku, naijua.

Kwa hiyo nimeelewa. Umechanua, na hukutaka kuniandikia. Ni haki yako, nyumba ni yako. Mwaka jana uliponiambia niende popote nitakapofurahi, nilimpa mwenzangu likizo yangu akamwone mama yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, nikarudi nikasoma kipimo. Mvua ilikuwa milimita nne.

Leo nimesaini mkataba wa miaka mingine miwili hapa kituoni. Sitakuuliza tena habari za mmea. Ukihitaji kitu mwambie Shangazi.

Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha shati lako. Nitamtumia Mama Cherehani akushonee, vipimo vyako anavyo.

Binti yako


Nyumbani
18 Julai 1998

Dada,

Naandika kwa kuweka rula chini ya mstari, usishangae herufi zimekuwa kubwa kama za ubao.

Nimekwenda. Ni ugonjwa wanaouita presha ya macho. La kushoto limekwisha kufa, la kulia naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari anasema hata bomba hilo litaziba. Dawa ingelizuia. Kilichokwisha potea hakirudi. Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa wapi miaka miwili yote hii?" Nikamjibu, "Nilikuwa na uzio wa mtu." Nilipojisikia nikisema hivyo, nilikaa chini sakafuni, akadhani ni kizunguzungu akaniletea maji.

Usimwandikie mtoto. Akija sasa atakuja kwa kunihurumia, na mimi sikumfukuza ili arudi kunishika mkono. Shati limekuja. Linanikaa vizuri.

Mdogo wako


Nyumbani
11 Februari 1999

Binti yangu,

Anayeandika ni Mama Cherehani. Mimi sioni tena. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema, asilainishe neno.

(Ni kweli mwanangu, ameniapisha. Samahani kwa mwandiko, nimezoea chaki na kitambaa.)

Nilikudanganya. Mmea wako uliishi kwangu wiki saba. Niliuzamisha kwa maji kama saruji changa, na barua yako ilipofika ulikuwa umeoza. Niliutupa kwenye kifusi nyuma ya jiko. Kila nilipokuandikia una majani manene, nilikuwa nimekaa mbele ya sanduku tupu. Niliogopa utaniambia tena lile neno la siku ya mazishi. Basi nikaona afadhali ukasirike kwa kunidhania mkaidi kuliko ukasirike kwa kunijua.

Na tuliseme hilo neno. Mama yako ningempeleka Jumanne. Ghala lingesubiri, mwenye ghala mwenyewe aliniambia litasubiri. Nilimaliza kwa sababu sipendi kuacha ukuta njiani. Ulisema kweli, na nilikufukuza kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Juzi upepo ulikuwa unaubamiza mlango wa jiko, nikaenda kwenye kifusi kupapasa nusu tofali la kuuzuia. Mkono ukagusa kitu kigumu, duara, kimejibana kati ya matofali. Nikagusa kingine, na kingine. Vidole vyangu vimeshika mawe miaka arobaini, vinajua kipi ni jiwe na kipi si jiwe. Nikamwita Mama Cherehani kwa sauti hata akadhani nimeumwa na nyoka.

(Nilikuja na mkasi mkononi.)

Amehesabu vichwa kumi na saba. Vile vidogo havikuoza vyote. Vilikaa kwenye vipande vya matofali na mchanga, hakuna aliyevijali, hakuna aliyevipa tone. Kimoja kimetoa bua, na juu yake kuna vinyota. Nimemuuliza rangi mara tatu. Waridi.

Nikafurahi, nikaanza kumwambia alete karatasi. Halafu nikaendelea kupapasa, nikakuta bua jingine, kavu, linapasuka mkononi, na chini yake kichwa kimekufa. Nikamuuliza, "Hili la lini?" Akaanza kuzungumzia upepo. Nikamwambia aseme. Akasema ni la mwaka jana, aliliona wakati anaanika nguo, akadhani ni gugu tu lenye bahati.

Mwaka jana, mwanangu. Barua yako ya hasira niliisoma mwenyewe, kwa jicho la kulia. Wakati unaniandikia kwamba umechanua na nimekuficha, ulikuwa umechanua kweli, hatua ishirini kutoka nilipokaa, na nilikuwa naona. Ningezunguka tu nyuma ya jiko ningekuandikia lile neno. Ungekuja na ningekuona uso. Nina uso wako wa miaka saba iliyopita, na siku hiyo ulikuwa umekasirika.

Sikuiti uje kunilea. Mama Cherehani na Shangazi wako, ambaye amehamia hapa, wananitosha, wanagombana nani anipikie. Uliniambia siku ukichanua nikuandikie neno moja, na nimekuandikia mengi, lakini lenyewe ni hili.

Umechanua.

Baba yako


Kituoni
24 Februari 1999

Baba,

Shikamoo. Mama Cherehani, shikamoo nawe. Msomee polepole, na ukifika penye ugumu usiruke.

Barua imenifikia asubuhi saa tatu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikusoma kipimo. Sijui leo mvua ilikuwa milimita ngapi.

Baba, mimi ndiye niliyekuwekea sharti. Basi lipo kila siku. Ningeweza kupanda nikaja bila ua lolote, nikakukuta na sanduku lako tupu, na nakuapia ningecheka. Ningekuona umeinama kwenye karatasi, ningejua macho yana tatizo, ningekukokota kwa daktari kama nilivyotaka kumkokota Mama. Mistari yako ilipopanda na kushuka niliiona. Mtu anayepima hata umande aliona mistari imepinda akasema, ni karatasi. Nilitaka wewe uanze. Miaka mitatu nilikaa juu ya mlima nikingoja mzee wa watu aanze.

Nilikusamehe zamani, nilipokuwa nachagua kopo la kuutia huo mmea. Niliona haya kuliandika neno la msamaha, nikaupa mmea kazi ya kulisema. Na lile neno la mazishi, hata kama lilikuwa la kweli, halikuwa la kumwambia mtu aliyetoka kufiwa na mkewe. Nisamehe na wewe.

Mkuu wa kituo ameuchana mkataba mbele yangu, kisha akaniomba niandike barua ya kuomba auchane. Nashuka na lori Jumatatu. Jumatano jioni nitakuwa mlangoni. Nitakuja na uso huu huu, utaushika kwa hiyo mikono inayojua mawe, na utaniambia kama umebadilika.

Vichwa hivyo kumi na saba viacheni hapo hapo kwenye kifusi. Asiingie mtu na ndoo.

Na lile bua kavu la mwaka jana, Mama Cherehani, usiling'oe. Nataka nilikute.

Binti yako